Kipimo cha Mlango wa Kizazi: Majibu ni Haki ya Aliyepimwa



Wapo watakaoshangaa kuona kwamba Tume ya Haki na Amani, iliyozoeleka kuandika juu ya migogoro ya ardhi, mipaka ya mashamba na uchaguzi, safari hii inaandika juu ya mlango wa kizazi. Watasema hayo ni mambo ya zahanati na ni siri ya akina mama. Sisi twasema ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la dawa. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika mwaka 2020 wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya 6,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi kiasi hicho katika nchi yetu. Na hii ni saratani isiyokuja kwa ghafla. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hata 20 tangu maambukizi ya kwanza hadi ugonjwa kukomaa, na muda wote huo dalili zake za awali zaweza kuonekana na kuondolewa. Mama anapokufa kwa ugonjwa uliotoa nafasi ndefu namna hiyo, hapana budi kuuliza ni wapi nafasi hiyo ilipopotelea.

Watu wa Bonde la Kilombero si wageni wa sampuli. Tangu Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alipoanzisha maabara yake Ifakara katika miaka ya 1950, maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, vidole vya watoto wetu vimechomwa, damu imetandazwa juu ya vioo, na mbu wa nyumba zetu wamehesabiwa. Watoto wa Idete walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1994. Utafiti uliofanywa hapa hapa Kilombero na Ulanga ulisaidia kuonyesha jinsi vyandarua vyenye dawa vinavyookoa uhai wa watoto wachanga. Hatuyasemi haya kwa kulalamika, maana mengi yamekuwa ya manufaa. Twayasema kwa sababu mtu wa kwetu, anapoombwa kitu cha mwili wake, amejifunza kuuliza, hata kama ni kwa kunong'ona: hiki kinakwenda wapi, nami nitaletewa jibu gani? Swali hilo ni la haki, na ndilo tunalotaka kila mama aende nalo katika chumba cha uchunguzi.

Kwanza tueleze kinachochukuliwa. Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, ile inayofunguka wakati wa kujifungua. Uso wake umefunikwa kwa tabaka za seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo hukua kutoka chini, hupanda juu, kisha hubanduka kama ngozi kavu ya mkono inavyobanduka. Mhudumu hufungua njia kwa kifaa maalumu, akapangusa uso ule kwa kijiti bapa au brashi ndogo, na kuzitandaza seli alizozipata juu ya kipande cha kioo. Mara moja hutia spiriti ili zisikauke na kuharibika. Maabara huzipaka rangi na kuzitazama kwa hadubini. Mwenye kuifahamu kazi ya kupima malaria ataona kwamba kioo ni kile kile na hadubini ni ile ile, ila badala ya kutafuta vimelea ndani ya damu, msomaji anaitazama sura ya seli zenyewe. Seli njema ina mwili mpana na kiini kidogo katikati, mfano wa yai la kukaanga. Seli iliyoanza kuharibika ina kiini kikubwa, cheusi, chenye kingo zisizo sawa, nacho huelekea kuujaza mwili wote. Aliyeieneza elimu hiyo ni daktari Mgiriki, George Papanicolaou, aliyefanya kazi New York. Yeye na mwenzake Herbert Traut waliitangaza mwaka 1941, na ndiyo sababu watu hukiita kipimo cha Pap.

Tuseme hapa hapa, kwa kuwa tetesi ni nyingi: kipimo hiki hakikati nyama, hakiondoi kizazi, wala hakimfanyi mtu kuwa mgumba. Kinaweza kuleta usumbufu wa dakika chache na pengine matone ya damu. Basi.

Sasa majibu, kwa maana hapa ndipo penye mchanganyiko mkubwa. Tumekutana na akina mama waliopewa karatasi yenye maneno ya kitaalamu, wakaikunja, wakaitia ndani ya kanga, wakarudi nyumbani wakidhani wamesomewa hukumu ya kifo. Tumekutana pia na waliosikia neno “hasi” wakadhani ni jambo baya, na waliosikia “chanya” wakashukuru. Mlioko kwenye huduma, lugha hii ni mzigo wenu kwanza. Jibu la hasi lina maana kwamba hakuna baya lililoonekana. Lakini si muhuri wa maisha. Seli hubadilika, na msomaji wa kioo ni mwanadamu. Kwa hiyo mama hupaswa kurudia kipimo cha namna hii baada ya miaka mitatu, na mwenye virusi vya UKIMWI apimwe mapema zaidi na mara nyingi zaidi, kwa kuwa hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya mwenzake asiye navyo. Liko pia jibu la kwamba sampuli haikutosha. Pengine seli zilikuwa chache mno, au damu ilizifunika, au kioo kilikauka kabla ya spiriti. Hilo si jibu jema wala si jibu baya. Ni kwamba mama bado hajapimwa, na lazima aitwe tena.

Neno linalotisha kuliko yote ni “mabadiliko”. Mabadiliko madogo kwa wanawake wengi huisha yenyewe, mwili ukishavishinda virusi vilivyoyaleta. Kinachotakiwa ni kuyafuatilia. Mabadiliko makubwa nayo si saratani bado. Ni mbegu ambayo haijawa mti. Hatuwezi kujua kwa hakika ni ya nani itaota na ya nani itakauka, kwa hiyo hutibiwa zote: kwa tiba mgando inayoigandisha sehemu ile kwa baridi kali, kwa tiba ya joto, au kwa kuikata kwa waya wa umeme. Tiba mgando na tiba ya joto huchukua dakika chache, na mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ni pale tu inaposhukiwa saratani yenyewe ndipo kipande cha nyama huchukuliwa na kupelekwa kwa mtaalamu, na rufaa kuandikwa.

Je, mabadiliko makubwa yakiachwa itakuwaje? Twajua jibu, lakini tumelijua kwa njia ya aibu. Katika nchi ya New Zealand, kwenye hospitali ya wanawake ya jiji la Auckland, daktari mmoja aliyeitwa Herbert Green hakuamini kwamba mabadiliko yale huwa saratani. Mwaka 1966 aliruhusiwa na hospitali yake kuwafuatilia wanawake waliokuwa nayo bila kuwapa tiba kamili. Wanawake wenyewe hawakuambiwa. Waliitwa tena na tena, wakapanguswa tena na tena, seli zao zikaendelea kuonyesha hatari, na wao wakadhani wanatibiwa. Madaktari wenzake walionya wakapuuzwa, hata waandishi wawili wanawake, Sandra Coney na Phillida Bunkle, wakaliandika jambo hilo jaridani mwaka 1987. Jaji Silvia Cartwright aliongoza uchunguzi rasmi na kutoa taarifa yake mwaka 1988. Watafiti walipozipitia kumbukumbu zile baadaye, walikuta kwamba kati ya wanawake 100 walioachwa bila tiba ya kutosha, takribani 30 walipata saratani katika miaka 30. Nchi ile haikukosa vioo wala hadubini wala wataalamu. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mama yale yaliyoonekana katika mwili wake.

Tena yuko Henrietta Lacks wa Marekani, mama mweusi, mzaliwa wa familia ya wakulima wa tumbaku, mwenye watoto watano. Mwaka 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore akitokwa damu isiyo ya kawaida. Walikuta saratani ya mlango wa kizazi, wakachukua kipande chake bila kumwomba ruhusa kwa ajili ya utafiti, na seli zile zikawa za kwanza za mwanadamu kuendelea kuzaliana katika maabara bila kukoma. Yeye alikufa mwezi Oktoba mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 31. Seli zake zimesaidia chanjo ya polio na tafiti zisizohesabika, wakati familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua lolote. Shirika la Afya Duniani lilimpa heshima mwaka 2021, miaka 70 baada ya kifo chake. Wema uliotokana na seli zile ni mkubwa, nasi twamshukuru Mungu kwa huo, ila wema huo haufuti swali la ruhusa.

Turudi bondeni. Kwetu kipimo cha kioo ni cha wachache, kwa kuwa wataalamu wa kuzisoma seli ni haba nchini na kioo hulazimika kusafiri. Katika vituo vingi vya Tanzania hutumika njia ya siki. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi maji yenye asidi ya siki, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kwa macho. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Hakuna kioo, hakuna maabara, hakuna kusubiri. Njia hii si kali kama vipimo vya kisasa, na haifai sana kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, kwa sababu sehemu inayotakiwa kutazamwa huwa imeingia ndani. Lakini ina fadhila moja ambayo sisi twaithamini kuliko wengi wanavyofikiri: mama aliyetoka mbali hupata jibu lake kabla hajashuka kitandani, na mahali penye vifaa hutibiwa siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri kutumia zaidi kipimo cha vinasaba vya virusi vyenyewe, ambacho mama aweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani. Kipimo hicho ni bora, nasi twakikaribisha. Ila kinarudisha shida ile ile ya zamani, kwamba sampuli inaondoka, jibu linabaki njiani.

Na njia zetu twazijua. Daraja la Mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 limeondoa adha ya kivuko, na anayetoka Mahenge au Malinyi hashindi tena ukingoni akisubiri. Lakini mama aliyepimwa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili yuko shambani analinda mpunga, mbali na nyumba na mbali na mtandao wa simu. Masika yakianza, barabara za ndani hazipitiki. Akiitwa katikati ya kazi hizo, nauli yake itatoka wapi, na nani atafukuza ndege? Halafu kuna hiyo simu yenyewe. Namba iliyoandikwa katika daftari la kituo mara nyingi si ya mama. Ni ya mume, ya mtoto au ya jirani mwenye duka. Jibu la siri ya mwili wake hupita kwanza mikononi mwa wengine, kama litapita. Tumesikia pia habari za mama aliyeonekana na mabadiliko, akaambiwa arudi wiki ijayo kwa kuwa mtungi wa gesi ya tiba mgando umekwisha, akarudi, akaambiwa tena wiki ijayo. Mara ya tatu hakurudi. Hatukitaji kituo, kwa kuwa kasoro hiyo yaweza kutokea popote ambapo bajeti ya gesi huwekwa mwisho wa orodha.

Anayechelewa hivyo, gharama yake twaiona sote. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Ifakara, na matibabu ya mionzi huchukua wiki kadhaa. Familia huuza magunia ya mpunga, kisha ng'ombe, kisha kiwanja. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunasoma habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga. Wahubiri wengi hukazia imani yake, na wanafanya vema. Sisi twaomba mtazame pia kwamba Bwana hakuridhika aponywe kimya kimya na kupotea katika umati. Alisimama, akamtafuta, akazungumza naye uso kwa uso.

Kuna jambo ambalo akina baba hawana budi kulisikia waziwazi. Saratani hii huletwa na virusi vya papiloma, viitwavyo kwa kifupi HPV. Profesa Harald zur Hausen wa Ujerumani alivipata ndani ya saratani hiyo mwaka 1983 na baadaye, mwaka 2008, akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Huambukizwa kwa kujamiiana, na karibu kila mtu mzima huvipata wakati fulani wa maisha yake, mara nyingi bila kujua. Kwa watu wengi huondoka vyenyewe katika mwaka mmoja au miwili; kwa wengine hukaa kimya miaka mingi. Kwa hiyo jibu la kuwa na virusi hivyo si ushahidi wa uzinzi, wala si hati ya kumrudishia mke kwao. Twajua ndoa zilizovunjika kwa karatasi iliyosomwa vibaya. Mume anayemkataza mkewe asipimwe kwa kuogopa aibu, wakati virusi vyenyewe vyaweza kuwa vimetoka kwake, anamtenda mwenzake lisilo haki mara mbili. Tungependa akina baba wa UWAKA walizungumze hili wenyewe kwa wenyewe, bila kuwaachia WAWATA kila kitu kinachohusu mwili wa mwanamke.

Juu ya mabinti zetu tutasema machache, kwa kuwa serikali na wengine wamesema mengi. Chanjo dhidi ya virusi hivyo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haileti ugumba. Mzazi aliyemkubalia mtoto wake chanjo ya surua hana sababu ya kuikataa hii. Lakini chanjo ya binti haimkingi mama yake, na ni hao akina mama wenye miaka 30 hadi 50 ambao twawaandikia leo.

Twaomba basi Halmashauri za Walei katika parokia, na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wafanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Siku za upimaji zitangazwe baada ya Misa, vigangoni pia na si parokiani tu, na zitangazwe kabla familia hazijahamia mashambani. Jumuiya iweke akiba ndogo ya nauli, si kwa siku ya kupimwa tu bali kwa siku ya kurudi, maana hiyo ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Kila mama anayekwenda afundishwe kuuliza kabla ya kupanda kitandani: mnachukua nini, kinakwenda wapi, jibu litakuja lini, na nani ataniambia? Kama ni utafiti, aambiwe hivyo, na ajue kwamba akikataa hatanyimwa huduma. Mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, au anayetokwa uchafu wenye harufu mbaya, asingoje siku ya upimaji wa wote. Huyo aende hospitali sasa. Na diwani wa kata aulizwe hadharani, kwa heshima, maswali mawili: ni wanawake wangapi waliopimwa katika vituo vyetu mwaka uliopita, na kati ya walioonekana na mabadiliko, ni wangapi waliotibiwa? Namba ya kwanza huwa inajulikana. Msitosheke mpaka mmepewa ya pili.

Baadhi ya jumuiya zimetuuliza kama zifungue daftari la akina mama wanaohitaji kusindikizwa. Zifungue. Liwe na jina, siku ya kwenda, siku ya kurudi, na jina la msindikizaji. Safu ya majibu isiwemo.